Modeli ya injini ya mvuke: 59, 60, 31 au Karamoja?

Waulize wapenzi wa reli wa Kampala, Jinja au Tororo ni injini gani ya mvuke wangetamani kuikuta kwenye boksi dukani, na wengi watakutajia klasi ya 59, yaani kundi la injini za muundo mmoja, kabla hujamaliza swali. Si ajabu. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani. Moja iliitwa Mount Elgon, nyingine ikapewa jina la Ruwenzori. Nani hapa kwetu asiyetaka mlima wake uwe mezani?

Tatizo ni kwamba viwanda vikubwa vya modeli hutengeneza kile ambacho wateja wao walikiona utotoni: injini za Uingereza kwa Waingereza, za Ujerumani kwa Wajerumani, za Marekani kwa Wamarekani. Injini za East African Railways, shirika la zamani la reli la Kenya, Uganda na Tanganyika, ni kitu adimu machoni mwao, tena cha ajabu. Anayeitaka ana njia tatu: asubiri kiwanda kimkumbuke, anunue vipande vya kuunganisha, au ajenge mwenyewe kuanzia bati tupu. Na si kila injini inafaa kila njia. Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukijua ninakoelekea: 59 isubiri, 31 ijenge, na 60 iendee kama una mfuko na subira ya fundi saa. Karamoja nitaieleza kwa sababu hiyo ndiyo inayonivutia kuliko zote, ingawa simshauri mtu aanze nayo.

Garratt inamtesaje mtengeneza modeli

Tatu kati ya hizo nne ni Garratt, kwa hiyo ni vizuri kujua inavyofanya kazi kabla ya kutoa pesa. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alibuni mpango huu mwanzoni mwa karne ya 20, na ya kwanza, K1, ilijengwa mwaka 1909 na Beyer, Peacock ya Manchester kwa ajili ya reli nyembamba ya Tasmania. Badala ya kuliweka boila juu ya magurudumu, alilitundika kati ya injini mbili zinazojitegemea. Injini ya mbele imebeba tangi la maji, ya nyuma imebeba mafuta au makaa pamoja na maji mengine. Boila na kibanda cha dereva vimelala katikati kwenye fremu yao, na kila upande fremu hiyo inaegemea egemeo linalozunguka. Kwenye kona, injini mbili zinakunja na boila linakata kona juu yao.

Faida yake ilikuwa kubwa kwa reli yetu. Uzito uligawanywa kwenye ekseli nyingi, hivyo reli nyepesi ziliweza kuubeba. Chini ya boila hakuna magurudumu, hivyo boila liliweza kunenepa na tanuri likashuka chini. Kwa njia inayotoka usawa wa bahari Mombasa, ikapanda hadi juu ya mita 2,700 pale Timboroa, kisha ikateremka kuelekea Tororo na Kampala, mashine ya namna hiyo ilikuwa ni lazima.

Kwenye modeli mambo ni nusu kwa nusu. Garratt inakunja kona kali kuliko injini ya kawaida yenye urefu huohuo, na hiyo ni neema kwa mtu mwenye chumba kimoja. Lakini lazima uwe na mifumo miwili ya kuendesha magurudumu, na mota mbili zisizokubaliana kasi zitavutana hadi moja iungue. Nyaya za umeme lazima zipite kwenye egemeo bila kukatika. Na kila kitu kinachohusu magurudumu unakifanya mara mbili: fimbo za kuunganisha, silinda, breki za mapambo. Mwanafunzi wa kazi hii akianza na Garratt, nusu ya modeli atakayoimaliza itakuwa ni mazoezi, na nusu nyingine itamwonyesha aibu ya ile ya kwanza.

Klasi ya 59: mfalme anayehitaji ufalme

Zilijengwa 34 na Beyer, Peacock, zikaingia kazini mwaka 1955 na 1956, namba 5901 hadi 5934, zote zikiwa na majina ya milima ya Afrika Mashariki. Magurudumu yake yamepangwa 4-8-2+2-8-4: yaani kwa kila upande, manne ya kuongoza, manane ya kuvuta, mawili ya kubeba, halafu mpangilio huo unageuzwa kwa injini ya pili. Urefu wake ni mita 31.7, na uzito unazidi tani 250. Ziliwaka kwa mafuta mazito. Kazi yake kuu ilikuwa kuvuta treni za tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Hapo ndipo Mganda anapotakiwa kusimama kidogo. Kila ekseli ya kuvuta ya 59 ilibeba tani 21, na uzito huo ulidai reli nzito. Ikaitwa Mount Elgon, sawa, lakini ukitaka kuionyesha ikipita juu ya daraja la Jinja, utakuwa unachora ndoto. Ndoto si dhambi kwenye modeli, ila ujue unachochora.

Ugumu wa pili ni treni yenyewe. Kwenye skeli ya 1:87, yaani modeli ndogo mara 87 kuliko injini halisi, 59 ni sentimita 36 hivi. Ukiifunga mabehewa manne inaonekana kama tingatinga linalovuta baiskeli. Ili ipate heshima yake inahitaji msururu wa mita mbili au tatu, na msururu huo unahitaji ukuta mzima. Wenye nyumba za vyumba viwili Namuwongo au Bugembe wanajua ninachosema.

Kwa upande wa mema, 59 ndiyo pekee katika kundi hili ninayoweza kuamini kwamba kiwanda kikubwa kitaifikiria. Inajulikana duniani kote kwa rekodi yake. Mbili zimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, kwa hiyo wapimaji wanaweza kuzipiga picha na kuzipima kwa leza. Majina 34 kwa kalibu moja ni matoleo mengi ya kuuza. Rangi yake nyekundu iliyoiva inavutia hata mtu asiyejua Voi iko wapi. Na viwanda vimeshaonyesha kwamba Garratt inauzika: Heljan ya Denmark ilitoa ile ya reli ya LMS ya Uingereza kwenye skeli ya OO (1:76), na Eureka Models ya Australia ikatoa AD60 ya New South Wales kwenye HO (1:87).

Kwa hiyo kujenga 59 kwa mikono miaka miwili, kisha kiwanda kitangaze yao mwaka wa tatu ikiwa na sauti na taa, ni maumivu ambayo simtakii mtu.

Klasi ya 60: hii ndiyo iliyokuja kwetu

Ikiwa swali ni Uganda, jibu la Garratt ni 60. Zilikuwa 29, zilizojengwa mwaka 1953 na 1954, baadhi huko Ufaransa kwenye kiwanda cha Franco-Belge kwa niaba ya Beyer, Peacock. Mpangilio wa magurudumu ni uleule wa 59, 4-8-2+2-8-4, lakini mwili ni mwembamba na uzito kwa ekseli ni mdogo sana, ndiyo maana ziliweza kutembea kwenye reli nyepesi za huku magharibi.

Sura yake ndiyo inayoniteka. 59 ina ukubwa, lakini 60 ina uwiano: boila halijalimeza tangi, na ukiitazama kwa ubavu macho yanateleza toka mbele hadi nyuma bila kukwama. Zilipewa majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye vibao hivyo vikang'olewa. Kwa mtengeneza modeli hiyo ni nafuu. Ukichagua miaka ya baada ya uhuru, huna haja ya kibao cha jina, na huna haja ya kumtukuza Sir yeyote mezani kwako. Ukiitaka yenye jina, 6006 Sir Harold MacMichael ipo Nairobi, unaweza kwenda kuipima.

Tatizo la 60 ni kwamba imekaa kwenye kivuli cha 59. Kiwanda kikiamua kutumia pesa za kalibu kwa ajili ya Afrika Mashariki, kitaanza na ile yenye rekodi ya dunia. Baada ya hapo wanunuzi walewale wataambiwa wanunue ya pili inayofanana kwa mbali na ya kwanza. Sidhani kama mahesabu yatatoka. Kwa hiyo kuisubiri 60 ni kusubiri meli kwenye kituo cha basi. Njia yake ni vipande vya shaba ya njano vilivyokatwa kwa tindikali, ambavyo mafundi wadogo wa nje hutoa kwa idadi ndogo, au kujichorea mwenyewe kwenye kompyuta na kuchapa kwa printa ya pande tatu. Njia zote mbili ni za mtu aliyekwisha kumaliza modeli moja au mbili na bado anaipenda kazi.

Karamoja na wenzake

Kenya and Uganda Railway, kabla ya East African Railways kuundwa mwaka 1948, iliagiza kwa Beyer, Peacock Garratt 12 za klasi ya EC3 zilizofika kuanzia mwaka 1939. Magurudumu yake ni 4-8-4+4-8-4. Hesabu: 32 chini ya mashine moja, na mpangilio huo ulikuwa haujawahi kuonekana kwenye Garratt yoyote kabla yake. Baadaye ziliitwa klasi ya 57. Moja yao, namba 87, inaitwa Karamoja na imehifadhiwa Nairobi.

Kama unatafuta kitu adimu na cha ajabu, huyu ndiye. Ana umri wa kutosha kuwa na maungo ya kizamani, na ana jina la nyumbani ambalo halihitaji maelezo Moroto wala Kampala. Mwaka 1949 zikaja ndugu zake 18 zilizoboreshwa, klasi ya 58, ambazo kwa umbo zinafanana vya kutosha kumchanganya mtu anayetegemea picha za mtandaoni. Ukijenga Karamoja kwa picha za 58, wazee watakugundua.

Lakini ugumu wote wa Garratt upo hapa, pamoja na ekseli zaidi zinazopenda kutoka relini. Yale magurudumu madogo manne ya kila mwisho, yakiwa mepesi mno, huruka kwenye kila pointi (pale reli zinapogawanyika) isiyokaa sawa. Dawa ni kuyaongezea risasi kwa uzito na kuyapa springi ndogo, na hata hivyo utalaani. Ndiyo maana nasema iwe modeli ya rafu, isiyotembea, kwa mtu anayetaka kuitazama tu. Hapo inakuwa kazi nzuri kabisa.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye mambo ya ajabu: East African Railways ilichora pia klasi ya 61, Garratt kubwa kuliko 59, ikaishia kwenye karatasi. Haikujengwa hata moja.

Klasi ya 31: ya makabila, na ya mikono yako

Sasa tuje kwa ile ninayoipendekeza, ingawa si Garratt. Klasi za 29, 30 na 31 kwa pamoja ziliitwa za makabila, kwa kuwa kila moja ilipewa jina la kabila la Afrika Mashariki, ya Uganda yakiwemo. 29 ni 2-8-2 kutoka North British ya Glasgow. 30 na 31 ni 2-8-4, magurudumu ya nyuma yakiongezwa ili uzito kwa ekseli ushuke. Tofauti kubwa ya macho kati ya 30 na 31 ni tenda, lile behewa la maji na mafuta nyuma ya injini: 30 ina tenda kubwa kwa ajili ya nyika kavu za reli ya kati ya Tanganyika, na 31 ina ndogo. Za 31 zilikuwa 46, zilizojengwa na Vulcan Foundry ya Lancashire katikati ya miaka ya 1950.

Kwa nini hii? Kwanza, ni injini moja yenye seti moja ya magurudumu ya kuvuta. Mota moja, egemeo hakuna, nyaya zinapita kwenye tenda tu. Ukikosea, unarudia kipande kimoja. Pili, treni yake ni ya saizi ya binadamu. Mabehewa sita ya mizigo, au manne ya abiria na moja la gadi, na tayari una treni ya njia ndogo isiyohitaji ukumbi wa harusi. Tatu, viwanda haviifikirii, kwa hiyo hakuna atakayekuja kukuharibia furaha mwaka kesho.

Kuna la nne, la macho zaidi. Watu wengi nje ya hapa wanaijua Afrika Mashariki kwa Garratt tu. Ukiweka 31 safi mezani, nyembamba, yenye miguu mifupi, mwenye kujua ataiinamia na mwenye kutojua atauliza. 59 kila mtu anaijua kwa picha.

Anayetaka kitu kidogo zaidi, cha kupangia mabehewa kwenye kona ya meza, aitazame klasi ya 13: injini ya tangi, 4-8-4, zilizojengwa 18 na North British mwanzoni mwa miaka ya 1950. Injini ya kusukuma mabehewa stesheni yenye magurudumu 16 ni kioja chenyewe, na haina tenda ya kuihangaikia.

Skeli: hapa ndipo pesa zinapopotea

Reli yetu ni milimita 1,000 kati ya pau. Watu hununua injini kwanza, kisha wanagundua reli za dukani hazikubaliani nayo. Fanya kinyume chake.

HO ni 1:87, na reli yake ya kawaida ni milimita 16.5, ambayo ni ya reli pana za Ulaya. Kwa mita moja unahitaji milimita 12, inayoitwa HOm. Zidisha 12 kwa 87 upate 1,044. Inazidi kidogo, na wapo watakaolalamika. Waambie kwamba 59 halisi ilisanifiwa ili iweze kuhamishiwa reli ya 1,067 bila shida kubwa, kwa hiyo milimita 44 za ziada hazimdhalilishi mtu. Faida ya 12 mm ni kwamba Japani, ambako reli za kawaida ni 1,067, wapo wanaotengeneza modeli za 1:87 kwenye upana huohuo. Injini yao ya D51 ni 2-8-2 yenye magurudumu ya kuvuta ya milimita 1,400. Ya 59 ni milimita 1,372. Anayejenga 59 hata hivyo, licha ya ushauri wangu, aanze kutafuta chasisi hizo mbili. Si rahisi kwa bei.

OO ya Waingereza, 1:76, inafanya kila kitu kiwe kikubwa kidogo, na 59 inafika karibu sentimita 42. Ukiiweka kwenye reli ya 16.5 mm utaona imepanua miguu kupita kiasi. Kwa 12 mm inabana. Mimi siipendi kwa injini zetu, nimesema.

N, 1:160, ni ya mwenye nafasi ndogo: 59 inakuwa sentimita 20. Lakini geji (upana kati ya pau) ya mita moja kwenye skeli hiyo ni zaidi kidogo ya milimita 6, na vifaa vyake ni haba. Pita.

Chaguo ambalo wengi hulisahau ni 1:22.5 kwenye reli ya milimita 45, ambayo kampuni ya LGB ya Ujerumani iliianzisha mwaka 1968 kwa ajili ya reli za mita moja hasa. 45 mara 22.5 ni 1,012.5, karibu sawasawa kabisa. Ni modeli za uani, zinazotembea kati ya maua. 59 hapo ni mita 1.4, mnyama wa kubebwa na watu wawili. Lakini 31 au 13 kwenye skeli hii ni kitu unachoweza kukishika, na fundi wa bati wa Katwe anaweza kukusaidia bila miwani ya kukuza. Mvua ya Kampala ndiyo adui, na nyasi.

Na kwa modeli ya rafu isiyotembea, 1:43 ina akili. Magari ya kuchezea ya skeli hiyo yanapatikana kwa urahisi, kwa hiyo unaweza kuweka Land Rover au Peugeot ya zamani kando ya stesheni na macho yakapata kipimo mara moja.

Kujenga hapa, kwa vilivyopo

Printa ya pande tatu imebadilisha mambo, na Kampala wapo vijana wanaokuchapia ukiwapelekea faili. Uliza ni ya aina gani. Inayoyeyusha uzi wa plastiki, kwa kawaida kupitia tundu la milimita 0.4, haiwezi kutoa ribiti ya injini kwenye 1:87, kwa sababu ribiti ya milimita 20 hapo inakuwa milimita 0.23. Kwenye 1:22.5 ribiti hiyohiyo ni karibu milimita 0.9, na printa ya uzi inaiweza. Kwa HO tafuta ya rezini. Tahadhari moja: plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani mchana hufika huko. Rezini nayo ikikaa juani inakuwa kavu na kukatika kama biskuti. Modeli isisafirishwe kwenye buti ukipanga kusimama sokoni.

Boila lisichapwe. Bomba la plastiki la maji la kipenyo kinachofaa, au bati lililokunjwa, linatoa uduara safi zaidi kuliko printa yoyote. Chapa kibanda, tenda, kichwa cha silinda na vikorokoro vya juu. Magurudumu usijaribu kuyachapa kwa modeli inayotembea. Yaagize ya chuma, ulipe ushuru na VAT yake ya 18% kwa moyo mweupe.

Umeme si tatizo kama watu wanavyodhani. Modeli nyingi za kawaida hutumia hadi volti 12 za mkondo mnyoofu, kwa hiyo betri ya pikipiki au ya sola inaziendesha hata umeme ukikatika. Weka fyuzi ndogo kati ya betri na reli, maana betri haina huruma pale reli zinapogusana.

Vibao vya majina na namba peleka Nasser Road. Wanaochapa kadi za harusi na stika za matatu hawashindwi na kibao cha milimita kumi, mradi umewapelekea mchoro safi. Kwa 31, tafuta kwanza orodha ya majina halisi na namba zake. Usijitungie kabila lako kwa sababu tu linasikika vizuri. Mtu mwenye orodha yupo kila mkutano.

Kabla ya rangi, chagua mwaka. Miaka ya 1960 injini nyingi za East African Railways zilifungwa bomba la moshi la Giesl, lililobuniwa na Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen: jembamba, lililobanwa kwa pembeni, refu kwa mbele na nyuma. Bomba la duara na bomba la Giesl kwenye injini ileile ni injini mbili tofauti kwa anayejua. Na usizisahau bafa, vile vizuizi vya kupokea mgongano: injini zetu zina kiunganishi kimoja katikati, hazina bafa mbili za pembeni kama za Waingereza. Modeli nyingi za kubahatisha huanguka hapo. Mwisho wa kazi ipake modeli masizi. Mzee mmoja wa reli kule Nsambya alinicheka kwa sababu paa la kibanda lilikuwa linang'aa. "Mwanangu," akaniambia, "hii imetoka kwa sonara au Nairobi?"

Kwa wale wa kusubiri

Anayebaki na 59 asikae kimya. Viwanda hufuatilia maombi, na hupenda ombi lenye vipimo kuliko lenye hisia. Andika unataka skeli gani, geji gani, miaka gani, bomba gani, na majina gani matatu au manne ya kwanza. Kumbusha kwamba mbili zipo Nairobi na kwamba hifadhi ya michoro ya Beyer, Peacock ipo kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester, ili wajue utafiti hauhitaji msafara. Usiseme ni ya Uganda peke yetu. Andika Kenya, Tanzania na Uganda, pamoja na wale wote waliofanya kazi huku wakarudi kwao, maana hao ndio wanaonunua kwa paundi na yuro. Kama kiwanda kitaomba watu waweke oda mapema, weka kwa jina lako hata kama hujui pesa zitatoka wapi kwa sasa. Oda ndizo zinazohesabiwa. Kisha, wakati unasubiri, kata bati la 31.